Barafu ya Maralal

Barafu niliinunua mimi, mjini Maralal, nikaipanga kwenye masanduku mawili pamoja na nyama na soda. Nalitaja hili mapema kwa kuwa lawama zote za barafu ziliniangukia mimi peke yangu.

Ilikuwa wiki ya Rhino Charge, mashindano ya magari nchini Kenya yaliyoanza 1989 ili kuchanga pesa za uzio wa kulinda msitu wa milima ya Aberdare. Mahali pa kushindania huwa siri hadi siku za mwisho, na mwaka ule ikawa Samburu. Gari la timu lilitangulia juu ya lori. Mimi na fundi tukafuata na pikapu iliyojaa mapipa ya maji, tairi na jenereta. Wengi hudhani Charge ni mbio. Wapi! Gari hutakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa kilomita chache zaidi, ndiyo maana wenzetu hukata moja kwa moja makorongoni. Wa kuzunguka ni sisi wabeba maji.

Tulipoimaliza mierezi na baridi yake, mzee mmoja wa Kisamburu alitupungia fimbo akiomba lifti. Fundi akamwonyesha mzigo. Mzee akacheka, akapotelea kichakani.

Kisha mteremko. Mawe kama vichwa vya ng'ombe, na upande wa kulia hakuna kitu, hewa tu. Nilikuwa gia ya kwanza, foo-wili imeingia, mguu mbali na breki kama nilivyofunzwa. Lakini maji ya kwenye pipa hayajui kona: wewe ukikata, yenyewe yanaendelea na safari. Fundi alishuka akawa anatembea kinyumenyume mbele yangu, akinielekeza kwa vidole viwili.

"Usiangalie bonde, kijana. Niangalie mimi."

Nikaangalia bonde. Gurudumu la nyuma likadondoka kutoka kwenye jiwe, tukasikia *ta!* Springi imekatika.

Fundi alikuwa na jeki na vipande vya tyubu kuukuu, ila hakuwa na gogo la kukingia chesisi. Giza likatukuta hapo. Tukiwa tunapapasa, nani anatokea chini yetu? Mzee wetu, ameshuka kwa njia ya mbuzi, hata jasho hana. Aliinama mara moja akatazama ile nafasi, akachomoa sime, akakata tawi la mgunga na kulichonga. Likaingia kama limepimwa. Fundi akalifunga kwa mpira, akiuvuta hadi ukalia.

Safari hii mzee alikaa mbele, fundi akashika usukani. Mimi nilipanda juu ya mapipa.

Tuliingia kambini saa nane usiku. Kiongozi wa timu alikuja na tochi na swali moja: barafu iko wapi? Nikafunua sanduku. Soda na nyama vilikuwa vinaelea kwenye maji ya waridi. Mzee alichovya kidole, akaonja, akanigeukia kwa upole.

"Haya nayo mmeyatoa Maralal?"