Ule ufito wa nyota katikati ya galaksi yetu

Watu wengi wakichora Njia Nyeupe wanaweka duara katikati alafu mikono inazunguka nje, kumbe pale katikati kuna ufito mrefu wa nyota, mwaka 2005 darubini ya Spitzer ilionyesha urefu wake ni kama miaka nuru 27,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), yani ni kitu kikubwa kweli.

Sasa unatokeaje? Sahani ya nyota, yani umbo bapa la galaksi lenye nyota nyingi, ikishatulia na kuzunguka kwa mpangilio, mvutano kidogo tu unafanya njia za nyota zirefuke, hizo zinavuta nyingine nazo zinavuta nyingine mpaka ufito unajijenga, na galaksi jirani ikipita karibu inaweza kuuchokoza.

Mi kinachonivutia zaidi ni gesi. Ufito unainyang'anya gesi mzunguko wake, inaporomoka kuelekea katikati na huko nyota mpya zinazaliwa kwa wingi, angalieni picha za galaksi ya NGC 1097 yenye ufito muone ile pete inayong'aa, ni nzuri ajabu! Na baada ya muda ufito wenyewe unapungua kasi maana mada giza, ile mada isiyoonekana ila ina mvutano, inaukokota, unavimba juu na chini kama karanga.

Zamani iliaminika fito ni mambo ya uzeeni mwa galaksi, miaka bilioni 7 iliyopita galaksi chache tu zilikuwa nazo, leo kama theluthi mbili za zenye mikono. Alafu darubini ya James Webb ikaionyesha galaksi ya EGS-23205, ufito wazi kabisa, tangu miaka bilioni 11 iliyopita! Kwahiyo sahani zilitulia mapema kuliko tulivyofundishwa.