Mabati ya reli kwa bolti ya spana nane

Kila aliyesikia kwamba naunda reli ya mfano ya Mombasa kwenda bara alinipa ushauri uleule: nunua stesheni ya plastiki ya Kiingereza, imeshakatwa, wewe ni kubandika na kupaka rangi tu. Ushauri huo ulinikera na unanikera mpaka leo. Stesheni ya Kiingereza ni ya matofali, ina dohani juu ya paa na vigae vilivyowekwa kwa ajili ya mvua ya baridi. Stesheni ndogo za reli yetu ya zamani zilikuwa za mabati na mbao, zenye baraza ya kivuli, tangi la maji la injini za mvuke, na ubao wa jina wenye mwinuko kutoka usawa wa bahari. Hakuna rangi itakayoigeuza ile iwe hii. Madukani huku sijaiona stesheni yetu hata mara moja, kwa hiyo anayeitaka aijenge mwenyewe, na inajengeka.

Kabla ya gundi na wembe, kuna kipimo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Treni nyingi za mfano zinazouzwa duniani zinafuata upana wa milimita 1,435, huu wa reli mpya ya SGR, ambao kwa uwiano wa 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, unakuwa milimita 16.5. Mita yetu moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5. Reli ya mfano ya milimita 12 ipo tayari, maana wanaojenga treni za milimani za Uswisi wanaitumia, na zile nazo ni za mita moja. Nikaagiza hiyo, pamoja na magurudumu yake. Waliosema nichukue ya 16.5 kwa kuwa inapatikana kirahisi hawajasimama kando ya treni ya zamani wakaitazama kwa mbele: behewa ni pana, njia ni nyembamba, na behewa limetokeza kila upande. Ukiharibu hapo umeharibu sura yote, hata uweke ribiti ngapi, vile vichwa vya misumari ya chuma inayoshikanisha mabamba.

Sasa mabati. Hapa ndipo nilipokaa sana, na hapa ndipo ninapojivunia.

Bati la kawaida la migongo ya mviringo lina kama milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Gawa kwa 87: unapata chini ya milimita moja, 0.87. Ushauri nilioupata ni kubandua karatasi ya juu ya boksi nibaki na mawimbi ya ndani. Nililijaribu hilo kwa moyo mmoja ili nisije nikaambiwa nimelidharau. Nililowesha boksi kwa maji ya uvuguvugu, nikabandua taratibu, nikakausha chini ya vitabu, nikapaka rangi ya fedha, nikaezeka upande mzima wa paa. Kwa mbali ulipendeza. Kisha nikasimamisha mtu wa sentimita mbili barazani na kila kitu kikaharibika. Mawimbi ya boksi ni milimita 6 au zaidi, yaani zaidi ya nusu mita kwa kipimo cha yule mtu. Angeweza kupanda juu ya paa akalala ndani ya bonde moja la bati. Nikalibandua lote usiku uleule.

Ushauri wa pili ulikuwa kuchora mistari juu ya foili kwa kalamu iliyoisha wino na rula. Kwa bati moja inawezekana. Kwa paa zima, mkono unachoka, rula inateleza, mistari inakaribiana hapa na kuachana pale, na jicho la binadamu linaona hitilafu ya namna hiyo mara moja.

Nilichokuwa nahitaji ni kitu kilichokatwa na mashine, chenye mifereji iliyopishana kwa 0.8 au 0.9. Kitu hicho kiko kila hadwea. Bolti ya M5 ina thredi zinazopishana kwa milimita 0.8 kamili. Usiende kusema M5 dukani, sema bolti ya spana nambari nane. Nilikwenda kwa mzee mmoja Mwembe Tayari.

"Ami, nataka bolti ya spana nane, ndefu, thredi ifike mpaka kichwani."

"Wafunga nini, mwanangu?"

"Sifungi kitu, nataka kuchapia mabati."

Akanitazama, akaniuzia mbili, akasema nikishachapa hayo mabati nimpelekee ayaone. Nilimpelekea. Akalipitisha ukucha bati moja, akaliinua kwenye mwanga, akamwita na kijana wake aje aone.

Inafanyika hivi. Foili ya jikoni ni nyepesi mno, inachanika. Trei za foili za kuokea keki ndizo zenye unene unaofaa, kata ile sehemu ya chini iliyo bapa. Ilaze juu ya kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa na kunyooshwa. Weka bolti juu yake, weka ubao mdogo juu ya bolti, gandamiza kwa uzito wa mwili na usukume ubao mbele. Bolti inaviringika, mpira unakubali kubonyea chini yake, na foili inaingia ndani ya kila mfereji. Sukuma mara moja tu. Ukirudi nyuma, thredi haziangukii palepale, na migongo inajichora mara mbili.

Kuna jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu. Thredi inaizunguka bolti kwa mshazari, kwa hiyo migongo inatoka imeenda upande kidogo, kama digrii 3. Ukikata kwa kufuata ukingo wa foili, bati lako litakuwa na migongo inayokimbilia pembeni, na paa litaonekana linateleza. Kata kwa kufuata mgongo wenyewe, wembe mpya, rula ya chuma. Migongo minane kwa upana, milimita 35 kwa urefu: hilo ni bati la futi kumi. Ezeka kama fundi wa kweli anavyoezeka, kuanzia chini kwenda juu, kila bati likimpanda mwenzake kwa mgongo mmoja. Gundi ni ya viatu, nyembamba, na usigandamize kwa kidole, tumia kipande cha sponji.

Kutu yake: waya wa chuma wa kusugulia sufuria uloweke ndani ya siki hadi siki igeuke rangi. Paka bati rangi ya kijivu isiyong'aa kwanza, likauke, kisha dondoshea hiyo siki kwenye viungio na kwenye ncha za chini. Inapokauka inakuwa kutu ya kweli, kwa sababu ni chuma cha kweli.

Kuta ni kadibodi ya boksi la biskuti, nguzo za baraza ni vijiti vya meno. Kijiti cha milimita 2 ni nguzo ya sentimita 17. Ila mkaaji wa pwani asisahau vanishi. Hewa ya huku inakunja kadibodi, na ukipaka upande mmoja tu inakunjika zaidi. Paka mbele na nyuma kabla ya kukata madirisha.

Behewa nililolitaka kuliko yote ni lile la stesheni ya Kima, lililopo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Juni 1900, ofisa wa polisi Charles Ryall alikaa ndani yake na wenzake wawili wakimvizia simba mla watu. Usingizi ukawachukua. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, behewa likaegemea kwa uzito wake, mlango ukateleza ukajifunga, simba akiwa ndani. Akatoka na Ryall dirishani. Kwa hiyo kwangu behewa hilo bila mlango unaoteleza lisingekuwa na maana, na nikaapa uteleze.

Nilikwenda Nairobi na utepe wa fundi cherehani, kwa kuwa haukwaruzi rangi, na rula ya sentimita 30. Kila picha niliyopiga niliisimamisha ile rula ndani yake. Ukifika nyumbani ukagundua dirisha moja hukulipima, unalipima kwenye picha kwa kulinganisha na rula, kazi imekwisha. Rula moja imeniokolea nauli nyingi.

Mlango unapita kati ya mifereji miwili, juu na chini. Kila mfereji ni vipande vitatu vya karatasi ya manila vilivyobandikwa pamoja, kile cha kati kikiwa chembamba, ndipo pengo linapobaki. Mlango wenyewe ni manila iliyolowekwa supa gluu ikawa ngumu, ikasuguliwa na msasa laini. Bado ulikuwa unakwama. Nikachukua penseli laini ya 6B nikaisugua ndani ya mfereji mpaka ukawa mweusi unang'aa. Sasa ukiliinamisha behewa kwa kidole, mlango unateleza na kujifunga wenyewe. Kila mgeni nyumbani namwonyesha hilo kabla ya chai.

Mabehewa ya mizigo ni kazi ya ribiti. Chora mistari nyuma ya manila juu ya karatasi ya grafu, bonyeza kwa ncha ya bikari iliyosuguliwa butu, mbonyeo mmoja kwa kila kiboksi cha milimita moja, na upande wa mbele zinatokea ribiti zilizopangika. Behewa la karatasi ni jepesi na linaruka njia kwenye kona. Gundisha chubwi za mishipi chini ya sakafu, katikati ya magurudumu, chini kabisa.

Udongo niliuchukua Voi, mwekundu wenyewe. Ukaange kwenye sufuria kuukuu ufe wadudu, uchunge kwa soksi ya nailoni. Kisha, tafadhali sana, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya udongo wote. Utashangaa vumbi jeusi litakalong'ang'ania. Vumbi hilo likiingia ndani ya injini linaivaa sumaku ya mota, na injini nzuri inakufa bure.

Kuhusu pesa: bolti, trei na tyubu havikufika mia tatu. Manila, gundi na rangi ni elfu mbili tatu, inategemea unavyopaka. Kilichonila ni magurudumu na reli kutoka nje, na usafirishaji ulikuwa karibu sawa na bei ya vitu vyenyewe, kwa hiyo agizeni watu kadhaa pamoja.

Sasa nimeanza kuchora Garratt ya daraja la 59, injini kubwa ya mvuke ya reli hii. Zilitengenezwa 34, na moja yao, iitwayo Mount Gelai, unaweza kuigusa kwa mkono pale makumbusho. Urefu wake unapita mita 31 na nusu, kwa hiyo mezani kwangu itapita sentimita 36, na kona yangu ya upande wa mlango imebana. Naipanua kwanza, kisha nakata bamba la boila.