Gurudumu la Mbele

Kwa wiki saba nzima, kila aliyeniuliza jinsi nilivyoanguka katika mbio zile nilimjibu neno moja tu, upepo, na kwa kuwa siku ile upepo ulivuma kwelikweli na kila aliyekuwapo aliuona, hakuna aliyenidadisi zaidi.

Zilikuwa mbio za barabarani za kilomita 118 kwa waendesha baiskeli wa ridhaa, yaani watu ambao Jumapili hubandikwa namba mgongoni kwa pini na Jumatatu hurudi kazini wakichechemea. Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa kushindana, na wa kwanza wa kufanya mazoezi kwa kutumia kifaa cha kupimia nguvu. Kifaa cha aina hiyo, ambacho mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alikibuni katika miaka ya 1980, hupima jinsi chuma kinachobeba pedali kinavyojipinda kwa kiasi kidogo mno kila kinapokanyagwa, kisha huonyesha jibu kwa wati kwenye kioo kidogo kilichofungwa juu ya usukani. Kabla ya hapo nilikuwa nikijipima kwa mapigo ya moyo, lakini moyo huchelewa kuitikia, hubadilishwa na joto, na hubadilishwa na usiku mmoja wa kukosa usingizi, ilhali wati hazijali umelala saa ngapi. Nilizipenda kwa ajili hiyo. Nadhani nilizipenda kupita kiasi.

Jaribio langu la kwanza la dakika 20 lilinipa wastani wa wati 268, ambazo kwa kanuni inayofuatwa na wengi hupunguzwa hadi asilimia 95 ili kupata kiwango ambacho mtu anaweza kukihimili kwa takriban saa moja, yaani 255. Kwa miezi mitano nilifanya yaliyokuwa kwenye ratiba bila kuruka hata siku moja: Jumanne dakika nane za kukanyaga kwa nguvu zilizorudiwa mara nne, Alhamisi vipindi viwili vya dakika 20 chini kidogo ya kiwango changu, Jumapili saa nne au tano za mwendo wa taratibu ambao ulinichosha zaidi kwa uchovu wa nafsi kuliko wa miguu. Mwisho wa miezi hiyo jaribio lilinipa 301. Niliiandika namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika ukutani, jambo ambalo leo linanichekesha.

Katika timu yetu alikuwapo mtu mmoja aliyenizidi umri kwa miaka kumi na moja, ambaye sote tulimwita kaka, na ambaye hakuwahi kufunga kifaa chochote kwenye usukani wake. Tulipofanya mazoezi kwa kundi alikuwa na mazoea ya kukaa nyuma yangu, na kila nilipoinamisha macho kusoma wati aliniita kwa neno moja kavu: “Kichwa!” Maana yake ilikuwa niinue kichwa nitazame barabara. Nilimjibu siku moja kwamba mtu hushinda mbio kwa hesabu, nikamkumbusha mwaka 1989, Greg LeMond alipoingia siku ya mwisho ya mbio kuu za Ufaransa akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akampiku katika kilomita 24.5 tu na kutwaa taji kwa tofauti ya sekunde 8. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba siku hiyo LeMond alikataa kabisa kusomewa muda njiani, na akanipita kwenye mlima bila kuongeza neno.

Asubuhi ya mbio alitukusanya wanne sote karibu na mstari wa kuanzia na kutuonyesha bendera iliyokuwa juu ya meza ya waamuzi. Alikuwa amesoma ramani. Kwa kilomita 73 za kwanza, alisema, barabara ingepita kati ya miti na upepo usingemsumbua mtu; baada ya hapo ingekata kona kuelekea kulia na kuingia kwenye uwanda mtupu, na upepo ungetupiga kutoka ubavu wa kushoto kwa muda wa kilomita tisa. Kila mmoja wetu alitakiwa awe kati ya watu kumi na tano wa mbele kabla ya kona hiyo.

Kilomita hizo za kwanza zilikuwa za starehe. Asiyewahi kuendesha ndani ya msafara mkubwa huenda asiamini, lakini katika kasi ya kilomita 40 kwa saa kazi kubwa mno ya mwendeshaji ni kusukuma hewa, na aliyejificha nyuma ya wenzake huiepuka sehemu kubwa ya kazi hiyo. Katikati ya kundi nilikuwa nikitumia wati 170, wakati mwingine 150, na kila niliposoma namba hizo nilijisikia kama mtu anayeweka akiba. Zilipobaki kilomita tatu kabla ya kona, kaka, aliyekuwa mbele kabisa mahali alipotakiwa kuwa, aliteremka kando ya msafara mpaka nilipokuwa, akanigusa kiunoni kwa kiganja na kusema, “Twende.” Nilimjibu, “Nakuja, kaka.” Nikajaribu kupanda, nikaona kioo kikisoma 330, nikarudi ndani. Niliona ni ufujaji. Akanigusa tena, nikamjibu vilevile, naye hakuniacha. Tulipoifikia kona tulikuwa watu wa thelathini na kitu, yeye na mimi.

Yaliyofuata yalichukua muda mfupi kuliko ninavyoweza kuyaeleza. Upepo unapotoka mbele, mahali pa kujikinga ni nyuma ya mwenzako. Unapotoka ubavuni, kinga huhamia upande wa pili, ule ambao mabaharia huuita demani, na kwa hiyo waendeshaji hulazimika kujipanga kwa mshazari, kila mmoja nyuma kidogo na kando kidogo ya mwenzake, na aliye mbele, upande wa joshini, yaani unakotoka upepo, huongoza kwa sekunde chache kisha humwachia mwingine. Mshazari uliopangwa vizuri ni kitu cha kupendeza. Tatizo ni kwamba barabara ina upana wake. Wakishaingia watu kumi na tatu au kumi na nne nafasi imekwisha, na wa kumi na tano hana pa kwenda isipokuwa kwenye ukingo wa barabara, ambako kila mtu hung’ang’ania nyuma ya mwenzake kwa mstari mmoja bila kinga yoyote, na mstari huo hukatika kama uzi uliooza. Dawa yake inajulikana: walioachwa huacha kung’ang’ania, hupunguza mwendo kidogo, na kuanzisha mshazari wao wa pili. Nilimsikia kaka nyuma yangu akiita watu wafanye hivyo. Aliniweka mbele yake makusudi, ili nikishindwa anisukume. Hakuna aliyemwitikia, nami nikiwa mmoja wao.

Kwenye ukingo ule nilikuwa nimelisogeza gurudumu langu la mbele kando ya gurudumu la nyuma la mtu aliyenitangulia, upande wa kulia, nikitafuta kivuli chake. Halikumpita kwa zaidi ya sentimita ishirini. Ndani ya mshazari watu hukaa hivyo muda wote, kwa sababu kila mmoja anajua nani yuko wapi na zamu inaelekea wapi. Mwisho wa mstari uliochanika, hakuna anayejua lolote, na mtu akikaa hivyo anatakiwa asiyaondoe macho yake kwenye mpira ulio mbele yake hata kwa kitambo cha kupumua. Kasi yetu ilikuwa kilomita 44 kwa saa. Nilikuwa nikiumia sana, na katikati ya maumivu hayo nilitaka kujua kiasi chake. Nikainamisha macho. Kioo kilisoma 352. Nakumbuka nilifurahi: nilikuwa juu kabisa ya kiwango changu na bado sijaachwa. Sauti ikatoka nyuma yangu, fupi, upepo ukaipitisha sikioni.

Dharuba moja ilimsukuma mtu wa mbele yangu kuelekea kulia, kiasi cha shubiri hivi. Mipira yetu ikagusana na kutoa mlio wa kukwaruza, kama zipu inayofungwa kwa haraka. Wengi hudhani kwamba katika mgusano wa namna hiyo wote wawili huanguka, lakini mara nyingi aliye mbele huendelea na safari yake akiwa ameshtuka tu, kwa maana gurudumu la nyuma halina usukani. Aliye nyuma ndiye huangamia. Baiskeli husimama wima kwa sababu mwendeshaji, pasipo kufikiri, huelekeza gurudumu la mbele upande ule ambao anaanza kuinamia, na akizuiwa kufanya hivyo hata kwa nusu sekunde hana kitu kingine cha kumshikilia. Gurudumu langu lilikuwa limebanwa upande wa kushoto, nami niliinamia kushoto. Nilijaribu kulipeleka huko, likagoma.

Sikumbuki nilivyogonga lami. Nakumbuka majani ya kando ya barabara yakiwa karibu mno na jicho langu, na spoku za gurudumu langu zikiendelea kuzunguka kwa mlio mwembamba. Nguo ilikuwa imechanika pajani na ngozi imeondoka pamoja nayo. Kiwiko kilikuwa kimejaa changarawe. Wawili waliokuwa nyuma zaidi walianguka kwa kuchelewa kushika breki, wakainuka, wakatukana, wakaondoka. Kaka alikuwa ameketi katikati ya njia. Aliigonga baiskeli yangu, akaruka juu ya usukani wake na kutua kwa bega la kushoto, na sasa alikuwa ameushikilia mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kwa utulivu, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Ameketi hivyo kila niliyewahi kumwona amevunjika mtulinga, na katika mchezo huu nimewaona wengi.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama fremu yake imepasuka. Nilimwambia ni nzima. Mhudumu wa huduma ya kwanza alipofika akapiga magoti kati yetu na kuuliza kilichotokea, nami nikajibu upesi kabla ya kuulizwa mara ya pili, “Ni upepo.” Kaka alinitazama. Kisha akamgeukia mhudumu na kumwomba amfungulie kofia, kwa kuwa mkono mmoja haukuweza.

Usiku ule nilihamisha kumbukumbu za kifaa kwenye kompyuta, kama nilivyofanya baada ya kila zoezi. Mstari wa nguvu ulipanda mpaka 352, ukakaa hapo kidogo, ukashuka hadi sifuri. Mstari wa kasi nao ukaufuata, kutoka 44 hadi 0 ndani ya sekunde mbili, wima kama ukuta. Mchoro ule haukuonyesha nilikuwa natazama wapi. Niliurudia jioni nyingi. Niliendelea na mazoezi mara tu kidonda cha pajani kilipokauka, na katika mazoezi ya kundi watu walizungumza habari za upepo wa siku ile, kila mmoja akiongeza ukali wake, mpaka ikafika mahali nami nikawa nausimulia kwa mikono.

Katika wiki ya saba nilikwenda kumtembelea. Nilikuwa nimemtembelea mara nyingine kabla ya hapo, pamoja na wenzetu, na tulizungumza habari za magurudumu na za ratiba ya msimu ujao. Safari hii nilikwenda peke yangu. Nilimkuta chumbani juu ya baiskeli iliyofungwa kwenye mashine ya mazoezi ya ndani, akikanyaga taratibu, kifua wazi, mkono wa kushoto ukiwa umeegemea usukani bila kubeba uzito. Mfupa ulikuwa umeunga kwa kuacha nundu ndogo katikati ya mtulinga, ngozi iliyo juu yake ikimetameta kwa jasho. Hakuacha kukanyaga nilipoingia. Nilisimama karibu na mlango, kwa sababu nilijua kwamba nikiketi ningeanza kuzungumza habari nyingine.

Nilimwambia kwamba haukuwa upepo, au haukuwa upepo peke yake. Kwamba gurudumu langu lilikuwa kando ya la mwenzangu na kwamba wakati ule nilikuwa nasoma kioo. Nilimtajia hata namba yenyewe, sijui kwa nini. Miguu yake ilizunguka mara kadhaa, kisha ikapunguza mwendo, na mvumo wa mashine ukashuka mpaka chumba kikawa kimya.

“Nilikuita, mdogo wangu,” alisema. “Hukunisikia?”

Ningeweza kumjibu kwamba upepo ulikuwa mkali.

“Nilikusikia, kaka,” nilimwambia.

Alitikisa kichwa kidogo, akachukua taulo na kujifuta shingo, akianza na upande ule usiouma. Kisha akanionyesha kwa kidevu chupa yake ya maji, iliyokuwa sakafuni mahali ambapo mkono wake haukufika, nami nikaiokota na kumpa.