Inzi mkubwa uliyenitumia picha yake si mbung'o

Tangu mvua ianze simu yangu imejaa picha za inzi. Watu wa nyumbani wanajua napenda wadudu, kwa hivyo mtu akiona inzi mkubwa kwa dirisha, kwa mgongo wa ng'ombe, ndani ya matatu ya kutoka Mbita, anapiga picha ananirushia na swali ni lile lile, huyu si mbung'o kweli, yule inzi anayeeneza malale, ugonjwa wa usingizi? Na mara nyingi jibu ni hapana, juu watu wanaangalia ukubwa, na ukubwa ndio kitu cha mwisho unafaa kuangalia. Mbung'o ni kati ya milimita 6 na 14, basi. Lile dude linakuja likinguruma kama pikipiki linagonga kioo cha gari, hilo karibu kila mara ni pange, wale wa jamii ya Tabanidae, na hao wengine wanapita milimita 20.

Sasa skiza. Usimpige kwanza, ngoja atue halafu angalia mabawa. Mbung'o akitulia anakunja mabawa moja juu ya lingine kabisa kama mikasi iliyofungwa, na ncha zinapita nyuma ya tumbo, kwa hivyo ukimwangalia kutoka juu anaonekana mwembamba. Pange haweki hivyo, mabawa yake yanakaa pembetatu, yameachana huku nyuma. Inzi wa nyumbani pia ameyaachanisha. Hii peke yake inamaliza kesi nyingi sana na hauhitaji lenzi wala nini.

Ya pili ni mdomo. Wa mbung'o umenyooka mbele ya kichwa, na pale chini unapoanzia umevimba kidogo. Lakini hapa ndio watu wanaingia mtego, maana kuna inzi wa zizini, Stomoxys, yule mdogo wa kijivu anauma miguu ya ng'ombe hadi inapigapiga chini siku nzima, naye mdomo wake pia umeangalia mbele. Huyo ana milimita 5 hadi 7, mabawa yameachana, na tumbo lina madoa madoa. Alafu kuna pange wa kundi la Philoliche wenye mdomo mrefu ajabu umetoka mbele, ukiona huo mdomo utaapa ni mbung'o amekula mbolea. Ndio maana nasema mabawa kwanza.

Na kama bado mnabishana, chukua aliyekufa, tandaza bawa moja juu ya karatasi nyeupe. Katikati ya bawa la mbung'o, kati ya ile mishipa, kuna kichumba chenye umbo la shoka. Hakuna inzi mwingine ako nacho. Ukikiona, mjadala umefungwa.

Pange nao si wamoja, na hapa mimi ndio hufurahia maana ni wazuri wacha tu, hasa macho. Ukimpata akiwa hai macho yanang'aa kijani na zambarau, wengine yana mistari, lakini akikauka hiyo rangi inapotea kwa hivyo piga picha mapema. Macho yakigusana juu ya kichwa huyo ni dume, na dume la pange halinyonyi damu, linakula maji ya maua tu. Yakiwa na nafasi katikati ni jike, huyo ndiye anakukata ngozi. (Kwa mbung'o ni tofauti, dume na jike wote wanakunywa damu, hakuna wa kusamehewa.) Ukitaka kwenda ndani zaidi angalia bawa: Haematopota bawa lake lina marakaraka ya kijivu na anakuja kimya kimya, unashtukia tu ameshauma. Chrysops ana mkanda mweusi kwa bawa na antena ndefu. Tabanus wengi mabawa yao ni safi na antena fupi nene, na yule Tabanus taeniola ana mistari inashuka kwa urefu wa tumbo.

Kuna mwingine ananiumiza roho. Mweusi, mrefu, milimita 15 hadi 20, anafanana na nyigu, anazunguka kwa shimo la takataka na watu wanampulizia dawa. Huyo ni Hermetia illucens, yule ambaye mabuu yake watu wanafuga siku hizi wakilisha kuku na samaki. Haumi. Angalia pale tumbo linapoanzia, kuna sehemu mbili zinapitisha mwanga kama vidirisha, na miguu ina nyeupe kwa mwisho. Alafu hesabu mabawa, ni mawili, nyigu ana manne. Mwacheni.

Na yule mwenye ndevu usoni, miguu ya manyoya magumu, kichwa kimebonyea katikati ya macho, ni Asilidae. Yeye ni mwindaji, anakamata inzi wenzake hewani. Hana shida na wewe.

Turudi kwa mbung'o, maana hata akiwa mbung'o bado kuna swali ni yupi. Huku kwetu wanaosumbua ni wawili. Bonde la Lambwe na pale mbuga ya Ruma ni Glossina pallidipes, ana mikanda kwa tumbo, na ukiangalia pingili za mwisho za mguu wa nyuma ni mbili tu nyeusi, ile miguu ya mbele na ya kati imebaki rangi hafifu hadi mwisho. Kando ya Ziwa Victoria na mito ni Glossina fuscipes, tumbo limekaa jeusi jeusi bila mikanda, na pingili zote za mwisho za mguu wa nyuma ni nyeusi. Huyu wa ziwa anapenda damu ya kenge, na anaweza kukaa hadi kwa ua la boma, ule mlipuko wa malale wa Alego, huko Siaya, mwaka wa 1964 ulitokana na yeye kujificha kwa vichaka vya lantana karibu na nyumba za watu.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena hapa Kenya, poa sana, lakini inzi mwenyewe hajaenda mahali na ng'ombe bado wanapata nagana, yaani malale ya mifugo. Ile mitego ya kitambaa cha bluu na nyeusi mnaona Lambwe inanasa pange na Stomoxys pia, kwa hivyo mtego kujaa si lazima iwe mbung'o wamejaa, lazima mtu akae chini awachambue.

Kwa hivyo ukinitumia picha, nitumie ya kutoka juu mabawa yakiwa yamekunjwa, ya upande ionyeshe mdomo, na ya miguu ya nyuma. Ukishindwa kumshika akitulia mtie kwa chupa, weka kwa friji dakika chache atapoa. Andika pia ulimtoa wapi, Dunga kando ya ziwa si sawa na Ruma. Aliyepondwa na slipa siwezi kukusaidia, ila bawa likibaki zima, tuma.