Kufuatilia vishikwambi vibovu vya shule: anza na namba ya kifaa

Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 vikaja kugawiwa walimu, saa hii vishakaa mikononi miaka kadhaa, vimeanguka, vimenyeshewa, vimechomekwa kila aina ya chaja, na kwenye halmashauri vikiharibika mtu wa kwanza kutafutwa ni afisa TEHAMA. Na taarifa zinakujaje? Kwenye grupu la WhatsApp la walimu wakuu. "Habari za asubuhi, kishikwambi cha mwalimu wa darasa la nne hakiwaki, naomba msaada." Chini yake mchango wa harusi, chini yake fomu ya takwimu inatakiwa leo kabla ya saa nane, kesho yake hakuna anayekumbuka kama kuna kishikwambi kinasubiri. Mi nafanya kazi hii na naamini kabisa kwamba mwalimu anayefundishia kifaa anastahili kujua kifaa chake kiko wapi na kinarudi lini, grupu haliwezi kumpa hilo.

Sisi tumetumia GLPI. Ni programu huria, ilianzia Ufaransa 2003, kuitumia hulipii leseni, na inakaa kwenye seva ya kawaida tu. Kilichonivutia ni kwamba orodha ya vifaa na tiketi za matengenezo, yaani kumbukumbu ya kila tatizo linaloripotiwa, vyote vimo humo humo, maana ukiwa na tiketi huku na orodha ya vifaa kwenye Excel kule baada ya miezi michache vitu viwili hivyo havitaongea tena.

Na hapa ndo ninapotaka watu wanielewe. Tiketi ifunguliwe kwa kifaa, isifunguliwe kwa jina la mwalimu wala jina la shule. Walimu wanahama, wanastaafu, wanaazimana vishikwambi, lakini IMEI, ile namba ya kifaa chenyewe yenye tarakimu 15, haibadiliki. Kikiwa kinawaka mwalimu anabonyeza *#06# anaiona, kikiwa kimezima ndo shida inaanza, kwa hiyo tulichapa stika ya QR yenye namba hiyo tukabandika nyuma ya kila kimoja tukifunika na selotepu ngumu ile ya kuangaza, maana stika tupu ikishikwashikwa na mikono yenye vumbi la chaki inafutika haraka sana. Kazi ya kuandikisha kifaa kimoja kimoja inachosha, inachukua muda kuliko kufunga mfumo wenyewe, ila usiiruke hata ukibembelezwa na mkubwa gani.

Mpangilio wa ndani ukafuata ngazi zilizopo, halmashauri juu, kata chini yake, shule chini ya kata. Mwalimu mkuu akiingia anaona vifaa vya shule yake tu, Afisa Elimu Kata anaona kata yake yote. Hili la kata ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kiuhalisia Afisa Elimu Kata ndo anayepita shuleni na pikipiki, anakusanya vibovu, akija makao makuu anavishusha. Kwa hiyo kwenye mahali kilipo kifaa tukaweka majibu manne: shuleni, kwa Afisa Elimu Kata, mezani kwa TEHAMA, kwa fundi wa nje. Zamani ukiuliza kishikwambi fulani kiko wapi kila mtu anakwambia "nshakikabidhi", sasa anayekipokea ndo anayebadilisha mahali, bila hivyo kwenye mfumo bado kiko mkononi mwa aliyetangulia.

Fomu ya kuripoti ifupishe. Ya kwetu ni stika ipigwe picha, tatizo lichaguliwe, maelezo kidogo, basi. Na makundi ya matatizo yaandikwe kama mafundi na walimu wanavyosema, kioo kimepasuka, tachi haikubali, sistimu chaji (tundu la chaji halipitishi chaji), betri limevimba, kinaganda, hakishiki mtandao, kimepotea au kimeibiwa. Ukiweka "hitilafu ya maunzi" mwalimu atachagua "mengineyo" na mwisho wa mwaka utakuwa na lundo la mengineyo ambalo halikwambii kitu. Hilo la betri kuvimba tumelipa kipaumbele cha juu moja kwa moja, likiingia tu anapigiwa simu aache kukichaji na akitoe darasani, kwa sababu betri la aina ile linaweza kushika moto.

Kwenye muda wa kushughulikia, weka kalenda ya kazi kwanza, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi mpaka 9:30 alasiri, toa sikukuu, la sivyo mfumo utahesabu usiku na wikiendi utaonekana mmechelewa kila siku. Kisha itumieni vizuri ile hali ya "inasubiri". GLPI ukiweka tiketi inasubiri, saa inayohesabu muda wenu inasimama. Spea zetu zinanunuliwa kwa utaratibu wa serikali kupitia NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, kioo kinaweza kuchukua wiki kadhaa, na huo sio uzembe wa fundi. Ila tumeweka sharti kwamba ukisimamisha lazima uandike unasubiri nini, spea, malipo au mwalimu, maana neno inasubiri likiachwa peke yake linageuka kabati la kufichia kazi.

Sasa faida yake. Kuna shule moja vishikwambi vyake vilikuwa vinarudi na tatizo lile lile la sistimu chaji, kinatengenezwa kinarudi, kingine kinafuata, na kwa kuwa kila tiketi imeshikana na IMEI unafungua historia ya kifaa unaona kabisa tundu hili lishabadilishwa. Tukaenda. Ofisi ya walimu ina soketi moja iko juu karibu na dirisha, ekstensheni imening'inia, vishikwambi vinachajiwa vikiwa vinaning'inia kwa waya wake wenyewe, uzito wote umebebwa na ule mdomo mdogo wa chaja. Dawa ilikuwa meza na ekstensheni ndefu. Kwenye grupu hilo usingeliona hata mara moja, ungeendelea kununua matundu ya chaji na kuwalaumu walimu kwamba hawatunzi vitu.

Na hiyo historia ndo unayoingia nayo kwenye kikao cha bajeti. Ukisema vishikwambi vingi vibovu unaambiwa tutaangalia, ukitoa karatasi inayoonyesha vioo vingapi vinahitajika, shule gani, tangu lini, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

La mwisho ni taarifa zilizomo ndani. Kishikwambi cha mwalimu kina alama za wanafunzi, picha zao, na mara nyingi akaunti binafsi ya mwalimu mwenyewe, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Kwa hiyo hakiendi kwa fundi wa nje kabla hatujahifadhi kinachohifadhika na kukifuta, na kukiflashi, yaani kukifuta na kukiwekea programu upya, kunahitaji mwalimu akubali kwanza, kuna kisanduku cha kutiki kwenye tiketi na bila tiki hiyo hatukigusi. Sehemu ya kuandika nywila kwenye fomu hatukuiweka, fundi akihitaji kifunguliwe anampigia mwalimu aje afungue mwenyewe.