Watoto wapangwe kwa wanachoweza, si kwa darasa

Wanaotaka KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ifike shule zote za Moshi Vijijini, waanze kwa kupima. Mtoto mmoja mmoja, dakika 5: silabi, maneno, aya, hadithi. Anayesoma "baba" ila anakwama kwenye "ng'ombe" bado ni wa ngazi ya silabi, hata kama yuko darasa la tano. Akae na wenzake wa ngazi hiyo, saa 1 kila siku. Pratham, shirika la elimu la India, hufanya hivyo.

Panapoharibika ni semina: mkufunzi anafundisha mkufunzi, mwalimu wa Kibosho juu anafikiwa na makapi. Na usimamizi una uzito: Kenya, walimu wa mkataba walileta matokeo chini ya shirika lisilo la kiserikali. Chini ya serikali, hola. Jamani, mafuta ya pikipiki ya afisa elimu kata, awafikie walimu, yatengewe fungu kabla ya fulana za kampeni.