Nimeridhika, 5 kwa 5

Hiki kitu kimenikaa kooni tangu juzi, nikilala kipo, nikimkamulia mtoto maziwa yangu kipo, acha nikimwage hapa maana baba watoto kashachoka kunisikiliza.

Nipo zangu wodini pembeni ya inkubeta ya bwana mdogo (mwanangu njiti, kazaliwa kabla ya wakati), akaja dada mmoja na dodoso lake. Mpole, sina ugomvi naye kabisa. "Mama, huduma anazopata mtoto umeridhika nazo?" Nimeridhika. "Kuanzia 1 mpaka 5?" 5. "Kuna kitu ungependa kibadilike?" Hakuna. Na wakati namjibu hayo sista wa zamu yupo hapohapo ubavuni kwangu anamlisha mwanangu kwa mrija.

Sasa jamani mlitaka niseme nini? Mtu kashika maziwa ya mwanangu mkononi halafu mimi nianze kumsemea mbovu mbele yake? Hata leo nikiulizwa palepale nitajibu 5.

Ila jibu lenyewe ninalo na nalirudia kichwani kila saa. Dada, kuna asubuhi niliingia wodini nikamkuta mtoto kafungwa macho, kavuliwa nguo kaachiwa nepi tu, taa za bluu zinamuwakia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniambia. Miguu ikaisha nguvu, nikajua ndo basi tena. Nimekuja kuelewa baadaye sana, tena kwa kuperuzi kwenye simu, kwamba ni manjano, njiti wengi sana wanapata, ini bado changa haliwahi kuitoa bilirubini, ile rangi ya njano kwenye damu, ule mwanga unaibadilisha itoke kwa mkojo na choo, na macho wanayaziba yasiumie. Maneno ya nusu dakika hayo! Ningeambiwa tu wakati nanawa mikono pale mlangoni. Tiba yenyewe ilikuwa sahihi, manjano yameisha, kwa hiyo kwenye karatasi yao ni 5 halali. Mimi asubuhi ile nilikuwa sifuri, na sijaona swali linalouliza hiyo. Afu kwa nini mzazi aulizwe wakati mtoto bado yuko mikononi mwao? Si wangesubiri turudi nyumbani, wapige simu, waone kama watapata hizo 5.



Halafu nikishapandisha hasira hivi namkumbuka sista wa usiku, nacheka mwenyewe. Yule anaongea kama mtangazaji wa mpira. Sasa nampima joto, sasa nabadilisha plasta ya mrija, akikunja sura usiogope, haya mama fungua shati. Nikawekewa mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kidogo tu mashine ikaanza kulia, roho ikaniruka, yeye akamwangalia mtoto kwanza wala hakukimbilia mashine, akaniambia "Msugue mgongo taratibu, kasahau kupumua huyo, njiti ndivyo walivyo." Nikamsugua. Akavuta pumzi. Mimi mwenyewe ndo nikamwamsha mwanangu, mnaelewa?

Usiku huo akanisimulia kwamba kangaruu, huko kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, inkubeta hazitoshi ndo madaktari wakaona vifua vya mama vifanye kazi, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linasema njiti waanzishiwe mapema baada ya kuzaliwa tu, isipokuwa wale mahututi kabisa, wasisubirishwe kwanza mpaka watengemae. Nikamuuliza sasa mbona wangu amesubirishwa. Akakaa kimya kidogo. "Mama, viti havitoshi."

Viti! Sio dawa, sio mashine, kiti cha mama kuegemea. Lakini nilimpenda kwa kuniambia hivyo, sikuzungushwa, na nikitafuta 5 yangu ya kweli iko pale, sio kwa lile dodoso.

Jana kaongezeka gramu 30, baba watoto katangaza ukoo mzima.

Ila sasa bosi kanitumia meseji saa nne usiku, "Ukipata nafasi tuongee", hata salamu hamna, sio kawaida yake, na wiki iliyopita nimesikia wanapunguza watu. Nimeifungua kwa bahati mbaya kwa hiyo anajua nimesoma, na sijui nimjibu saa hizi au nijifanye nimelala.